Sungura wa Watoto Haoshwi Katika Beseni



Ukurasa huu umezoea kuzungumza juu ya kofia za kazi, viatu, ngazi na baruti. Leo tunaingia ndani ya parsele, nyuma ya jikoni, pale watoto walipomfungia sungura wao. Usicheke. Mnyama ni mdogo, lakini habari yake inagusa mikono ya watoto wako, hewa ya jikoni mwako na nguo unazorudi nazo kutoka kazini.

Tuanze na jambo lililotokea Kamanyola, kwa jirani wa mwandishi wa mistari hii. Baba anafanya kazi mgodini, kule milimani, na hurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Safari moja alipitia Bukavu akawanunulia watoto sungura mweupe, wa kilo mbili hivi, mpole sana. Watoto walimpenda kupita kiasi. Jumamosi, siku ya kufua, binti mkubwa aliona sungura ana madoa ya manjano miguuni na chini ya mkia. Akamfanyia kama anavyomfanyia mdogo wake: maji katika beseni, sabuni ya kufulia, akamsugua toka kichwa mpaka miguu na kumsuuza mara mbili. Sungura alipiga mateke, kisha akatulia. Watoto wakafikiri amefurahi. Wakamlaza juani akauke. Saa tisa alikuwa amekufa.

Mtoto alisema sabuni ndiyo ilikuwa kali. Mama alisema ni jua. Baba aliporudi akasema hofu ndiyo iliyomuua. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli, na hakuna aliyefanya kwa ubaya. Lakini ni nani aliyewahi kuwaeleza watoto wale namna ya kumtunza sungura? Hakuna.

USAFI WAKE NI UKAVU

Sungura anajiosha mwenyewe. Mwangalie asubuhi: anajilamba miguu, anapangusa uso, anavuta masikio yake moja moja kwa mikono na kuyalamba. Hana haja ya beseni. Manyoya yake ni mazito, yakilowa mpaka ndani hayakauki upesi, na ngozi iliyolowa inamnyang'anya joto la mwili hata katika nchi ya joto. Tena ni mnyama wa hofu. Katika pori kila anayemshika anataka kumla, kwa hiyo ukimtia majini moyo wake unakwenda mbio mpaka unaweza kusimama. Kule kutulia kwake ndani ya beseni hakukuwa furaha. Alikuwa ameishiwa nguvu kwa hofu.

Jambo lingine ni mgongo. Mifupa ya sungura ni myepesi, na miguu yake ya nyuma ina nguvu nyingi. Akipiga teke hewani huku mtu amembana vibaya, anaweza kujivunja uti wa mgongo. Mfundishe mtoto kumshika hivi: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya matako, na mnyama akae karibu na tumbo la mtoto. Usimwinue kwa masikio kama unavyoona sokoni. Masikio si mpini.

Sasa yale madoa ya manjano. Yalikuwa mkojo. Binti aliona uchafu, na aliona vizuri, ila hakutafuta mahali unapotoka. Sungura mwenye miguu ya manjano anakuambia kwamba sakafu yake imelowa. Ukimwosha yeye na kumrudisha palepale, kesho atakuwa vilevile. Tengeneza sakafu kwanza. Kisha, kama mavi yameganda kwenye manyoya ya nyuma, chukua kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, bila sabuni, ulainishe sehemu ile tu, uipanguse na kuikausha kwa kitambaa kikavu. Usiache hadi kesho. Katika joto letu inzi hutaga mayai kwenye manyoya yaliyochafuka, na kabla ya siku kwisha funza wanaweza kuwa wameanza kula nyama ya mnyama aliye hai. Aliyewahi kuliona jambo hilo hasahau kumgeuza sungura wake kila siku na kuangalia chini ya mkia.

JOTO LA BONDE

Watu wengi wa Kamanyola huleta sungura kutoka juu, Bukavu, Kabare au Walungu. Fikiri safari hiyo. Ziwa Kivu liko mita 1460 hivi juu ya bahari, na Ziwa Tanganyika liko kama mita 770. Mto Ruzizi unashuka tofauti hiyo yote, na sehemu kubwa anaishuka mabondeni kabla ya kufika Kamanyola, ambako tambarare inaanza. Wewe mwenyewe ukishuka unavua koti njiani. Sungura havui koti lake.

Yeye hatoki jasho kama mtu. Joto lake linatokea zaidi kwenye masikio, ndiyo maana ni marefu na yana mishipa mingi. Hewa ikipita digrii 30 anaanza kuteseka, na ikikaribia 35 anaweza kufa mchana mmoja tu, hasa akiwa mnene au mwenye mimba. Dalili utaziona: amejinyoosha chini, anahema mbio mbio, pua na mdomo vimelowa, masikio yana moto ukiyagusa. Hapo mpeleke kivulini mara moja, ulowe masikio yake kwa maji ya kawaida ya mtungini, na umpe maji ya kunywa. Masikio tu. Usimtumbukize, tumekwisha sema.

Lakini ni afadhali asifike hapo. Weka kizimba chini ya mwembe au upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana. Paa la mabati peke yake ni tanuru. Kama huna kingine, tandika nyasi nene juu yake. Wengine wanaweka tofali la udongo lililoloweshwa na kuachwa lichuruzike, sungura akalala ubavuni pake saa za jua kali. Ni njia nzuri na haina gharama. Maji yasikosekane. Sungura wa kilo 3, siku za joto, anaweza kumaliza karibu nusu lita, na maji hayo yawe safi kama yale mnayokunywa ninyi. Tumia chungu kizito, maana sahani nyepesi ataipindua kabla hujageuka.

Na ukimleta kutoka Bukavu, ondoka alfajiri. Mtie katika kitunga kinachopitisha hewa, chenye nyasi kavu chini. Usimfungie katika katoni, wala usimweke nyuma ya gari pamoja na bidoni za mafuta.

HEWA

Wewe unayefanya kazi chini ya ardhi hatukufundishi kitu juu ya hewa. Unajua kwa nini kapita hakuruhusu kuingia baada ya baruti mpaka moshi utoke. Unajua kwamba mahali pasipo na upepo mtu anaanza kuumwa kichwa, halafu anachoka, halafu haelewi anachokifanya. Basi tumia ujuzi huo nyumbani.

Mkojo wa sungura ukikaa unatoa hewa ya amonia, ile harufu inayochoma macho. Wewe uliyesimama hausikii sana. Sungura pua yake iko palepale, karibu na sakafu, mchana na usiku. Amonia inachubua njia ya pumzi, kisha vijidudu vya mafua vinaingia. Jaribu hivi: asubuhi kabla ya kusafisha, piga magoti, weka uso wako pale anapolala, vuta pumzi mara tatu. Kama macho yanawasha, mnyama huyo anafanya kazi katika shimo lisilo na hewa. Angalia pia mikono yake ya mbele upande wa ndani. Sungura mwenye mafua hupangusa pua kwa mikono, na manyoya ya hapo yanashikana na kuwa kama kamba.

Tunajua kwa nini familia nyingi zinamlaza mnyama jikoni. Vita vya mwaka 1996 na vya 1998 vilimaliza ng'ombe na mbuzi wa watu wengi hapa Kivu, na sungura na dende wakabaki kuwa mifugo ya nyumba nyingi, kwa sababu ni wadogo, wanaficha, na familia ikikimbia wanabebwa katika kitunga. Tena wezi wapo. Kwa hiyo hakuna anayemlaumu mama aliyemwingiza ndani. Lakini jikoni kuna moshi, kuna sufuria na sahani sakafuni, na kuna mbabula. Makala yanayowaka katika chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, ileile mnayoiogopa mgodini baada ya moto. Inaua sungura, inaua na watoto waliolala karibu naye. Huko Uingereza wachimbaji wa makaa ya mawe walishuka na ndege wadogo wa kanari ili ndege azimie kabla ya mtu, na waliendelea hivyo mpaka miaka ya 1980, ilipoamuliwa mwaka 1986 kwamba mashine zichukue kazi hiyo. Sungura wako hakununuliwa kwa kazi ya kanari. Mbabula itoke nje kabla ya mlango kufungwa, awe sungura yumo, asiwemo.

Kizimba kizuri kinaweza kusimama nje, chini ya ukingo wa paa, kikiegemea ukuta wa chumba mnacholala, na kufuli juu yake. Akigusa mwizi mtasikia. Kwa sungura mmoja, urefu mita 1, upana sentimita 60 na kimo sentimita 50 vinatosha, na watoto wamtoe kila jioni akimbie kidogo katika parsele huku wakimlinda na mbwa. Miguu ya kizimba iwe mirefu, ikufike kiunoni. Kila mguu uusimamishe ndani ya kopo lenye maji na mafuta machafu ya gari, maana siafu wakipanda usiku hutakuta kitu asubuhi. Na dende usimchanganye naye katika kizimba kimoja. Teke la sungura linaweza kumvunja, na yapo magonjwa ya mapafu ambayo sungura anayabeba bila kuumwa, lakini dende yanamuua.

SAKAFU YA MIANZI MBILI

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo tukae kidogo.

Ugonjwa unaoua sungura wadogo kuliko mingine unaitwa koksidiosi. Tumbo linavimba, mavi yanakuwa majimaji, mtoto wa sungura anakonda huku anakula, kisha anakufa. Kijidudu chake kinatoka na mavi. Kikitoka hakina nguvu ya kuambukiza bado. Kinahitaji siku mbili tatu hivi za unyevu na joto ili kikomae. Umeona faida yake? Ukiondoa mavi kila asubuhi, unakiondoa kabla hakijakomaa. Ukiondoa Jumamosi kwa Jumamosi, umekilea mwenyewe.

Na wengi wanafikiri javeli itamaliza kila kitu. Javeli ni nzuri kwa mambo mengine, lakini mayai ya koksidia yana ganda gumu, hayaijali. Yanachoogopa ni maji yanayochemka, na kukauka kabisa juani.

Basi fanya hivi. Pasua mianzi, uilainishe kingo zisichome nyayo, upange vipande vikiachana sentimita 1 na nusu, mavi yapite na mguu usipite. Tengeneza sakafu za namna hiyo mbili, za kipimo kimoja, zinazoingia na kutoka. Moja iko ndani ya kizimba, nyingine iko juani. Kila wiki, au mapema zaidi ikilowa, mnabadilishana: ile chafu inapanguliwa kwa fimbo na brashi, inamwagiwa maji yanayochemka, inaegemezwa ukutani mpaka zamu yake. Maji ya moto amwage mtu mzima, si mtoto. Upande mmoja wa kizimba weka kipande cha ubao na nyasi kavu ili apumzishe nyayo, kwa sababu sungura anayesimama juu ya mianzi au waya siku zote anapata vidonda chini ya miguu. Mavi yaliyoanguka chini yapeleke shambani kwenye mboga, yanafaa kabisa.

Mtoto atakuja kukuambia kwamba sungura anakula mavi yake. Ni kweli, na usimpige wala kumzuia. Sungura ana mavi ya namna mbili. Yale makavu ya duara anayaacha. Yale laini, yanayong'aa, yaliyoshikana kama kishada, anayachukua mwenyewe kwa mdomo na kuyameza, hasa usiku, ili chakula kipite tumboni mara ya pili na atoe nguvu iliyobaki. Hivyo ndivyo mwili wake unavyofanya kazi.

CHAKULA, KWA KIFUPI

Nyasi ndicho chakula chake, nyingi, na ziwe zimekauka kidogo kivulini. Nyasi zenye umande au zilizochacha zinamvimbisha tumbo. Meno yake yanaota maisha yote, na nyasi ndizo zinayasaga. Ongeza matembele, majani ya mahindi, kipande cha karoti mara moja moja. Usimpe sombe mbichi, ina sumu ambayo ninyi mnaiondoa kwa kutwanga na kupika. Usimpe majani ya nyanya wala ya viazi mbatata. Na hapa tambararani, ambako nyanya zinapigwa dawa, mkataze mtoto kukata nyasi kwenye mipaka ya mashamba hayo. Fufu na mkate uliobaki mpe kuku.

Sungura hawezi kutapika. Chakula kikikwama, kimekwama. Kama hajagusa kitu tangu asubuhi mpaka usiku na hatoi mavi, usiseme atapona kesho.

DAWA YA MTU SI DAWA YAKE

Mwandishi wa mistari hii alifanya kosa moja ambalo analisema ili wewe usilirudie. Sungura wake alikuwa na mafua. Nyumbani kulikuwa na vidonge vya ampi vilivyobaki baada ya mtoto kupona kikohozi. Akafungua kimoja, akachanganya unga kidogo na maji, akamnywesha siku tatu. Mafua yakapungua. Siku ya tano sungura akaanza kuhara, siku ya sita akafa. Baadaye veterineri mmoja alieleza: ampisilini, amoksisilini na penisilini vikipita mdomoni vinaua vijidudu vyema vinavyosaga nyasi ndani ya tumbo la sungura, na vile vibaya vinachukua nafasi yao na kutoa sumu. Dawa inayookoa mtoto wako inaua sungura wako. Mwambie hivyo kila jirani anayefuga.

Magonjwa mengine yanaonekana mapema kwa mwenye macho. Akitikisa kichwa na kujikuna masikio, angalia ndani: magamba ya rangi ya udongo ni kazi ya wadudu wa masikio. Usiyabandue kwa nguvu, yanauma mno. Tia matone machache ya mafuta ya kula kila siku, magamba yatalainika na kuanguka yenyewe, na mpelekee veterineri akupe sindano inayofaa. Magamba yakiwa puani na kwenye vidole, hiyo ni upele, na unaweza kuwashika watoto wanaomkumbatia. Vilevile duara zisizo na manyoya zinaweza kuwa choa, ambayo inapita kwa mtu bila shida. Mtoto mwenye mduara unaowasha mkononi apelekwe dispansari, na mama aseme wazi kwamba nyumbani kuna sungura. Muuguzi hawezi kulikisia.

MIKONO, NA NGUO ZA BABA

Anayemgusa sungura ananawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Sabuni ile iliyotaka kumwingia sungura, hapo ndipo mahali pake. Hili ni la kila siku, pia kwa mgeni, pia kwa mtoto wa jirani aliyekuja kumchezea.

Na wewe baba, ukifika kutoka kazini, watoto wanakukimbilia na sungura mikononi wakuonyeshe alivyokua. Wambie wangoje. Vumbi la mwamba lililo katika nguo zako linaingia katika pumzi ndogo kuliko yako, ya mtoto na ya mnyama. Kama unagusa zebaki mahali unaposafisha dhahabu, nguo hizo zisikung'utwe ndani ya parsele kabisa, wala zisianikwe juu ya kizimba. Zibaki kazini, au zifuliwe peke yake, mbali na nguo za watoto. Oga, badilisha, kisha mchukue sungura wao umpime uzito kwa mkono kama wanavyotaka.

AKIFA

Itatokea siku moja. Kama amekufa kwa ugonjwa, au wamekufa wawili watatu kwa ghafla, msiwale na msiwauze, hata kama nyama inaonekana nzuri. Mwite veterineri kwanza kama yuko karibu. Kisha mchimbie shimo la kina, mbali na kisima, na umwache mtoto awepo akitaka. Choma nyasi zake. Mwagia kizimba chote maji yanayochemka, sakafu zote mbili, na chungu chake, uviache juani wiki mbili kabla ya kuweka mwingine.

Yule binti wa jirani yetu ana sungura mpya sasa, wa kijivu. Sakafu ya pili iko ukutani, inakauka.